Mbao umeleta mwenyewe, mlango ukisinyaa usituite matapeli

Tumeitwa matapeli tena. Safari hii ni baba mmoja wa Kimara aliyekuja na mbao zake, akatulipa ufundi tu, na baada ya miezi michache mlango wake wa mbele ukaanza kupitisha mwanga pembeni mwa paneli. Anasema tulimbadilishia mbao. Hatukumbadilishia. Siku ile ile mbao zinashushwa kwenye kirikuu tulimwambia ni mninga kweli, ila mbichi. Akajibu ana shughuli nyumbani, wageni wako njiani, tuunge hivyo hivyo. Malalamiko ya namna hii yanajirudia kila mwaka, kwa hiyo tunayaandika hapa mara moja. Ukituuliza tena tutakutumia linki.

Mninga una sifa zake na hatubishani nazo. Randa inapita vizuri, unang'aa bila kulazimishwa, kiini chake mchwa hawakipendi, na si mzito wa kuchosha bawaba: ukikauka, mita moja ya ujazo ina kilo mia sita na kitu, wakati mpingo unapita kilo 1,200 na ukiutupa majini unazama. Kubwa zaidi ni kwamba mninga ukishakauka hautukutiki, yaani hausinyai wala kupinda ovyo. Neno la kushika hapo ni "ukishakauka". Mti uliopasuliwa juzi Tabora au Katavi bado umejaa maji, hata kama juu unaonekana mkavu na wauzaji wanaugonga gonga kukuonyesha.

Maji ya kwanza yanatoka bila mbao kubadilika. Maji yakishuka chini ya kama asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu ndipo mbao inaanza kusinyaa, tena inasinyaa kwa upana. Urefu haubadiliki kiasi cha kuonekana. Sasa tazama mlango wa paneli. Mihimili ya fremu imesimama kwa urefu, haiendi popote. Paneli iliyo katikati inapungua upana na kujivuta kutoka kwenye mfereji wake, na wewe sebuleni unaona mwanga. Fundi aliyejiona mjanja akaibana paneli kwa gundi na misumari ndiye kaharibu kabisa, maana ikikosa pa kuchezea inapasuka katikati, na ufa huo hata ukijazwa unga wa mbao na gundi utaonekana tu. Sisi paneli hatuigandishi. Inakaa kwenye mfereji ikiwa huru, na gundi inaishia kwenye ndimi za fremu, pale vipande vyake vinapoungana.

Ukavu tunaupima. Tunakata kipande katikati ya ubao (mwishoni hapafai, ncha hukauka kwanza na kudanganya), tunakipima kwenye mizani, tunakikausha kwenye oveni hadi uzito ugome kushuka, kisha tunapima tena. Kipande cha gramu 130 kikibaki gramu 100, mbao hiyo ina maji asilimia 30. Kwa hewa ya Dar tunataka 12 hadi 15. Chumba chenye kiyoyozi kinataka chini ya hapo, na hilo wateja wa maofisini hawalipendi, kwa sababu maana yake ni kusubiri zaidi. Kuna meza ya mkutano tuliwahi kuitwa kuitengeneza, kazi ya karakana nyingine: uso wake ulikuwa umeachana sehemu tatu, na kiyoyozi kinapuliza juu yake tangu asubuhi.

Halafu bei. "Mbona kule barabarani ni nusu?" Mbao ya inchi mbili kwa sita ya mashineni ikishapita kwenye randa inabaki inchi moja na robo tatu kwa tano na nusu. Toa ncha zilizopasuka, toa mafundo, toa weupe (mbao ya nje ya mti, inayozunguka kiini). Karibu theluthi ya mbao uliyolipia inaishia kuwa takataka, na hiyo theluthi tumeinunua kwa bei ya mninga. Wa barabarani anauza na weupe wake. Ule mstari wa manjano hafifu pembeni ya kahawia wateja wengine wanauita pambo. Dada mmoja wa Tegeta alikuwa nao kwenye kitanda alichonunua kwingine, akatuletea picha: vigaemarumaru chini ya chaga vina vichuguu vya unga laini, kila asubuhi anafagia, jioni upo. Ukitazama mbao iliyo juu ya unga huo unaona vitundu kama vya kichwa cha pini, vyote kwenye weupe, hakuna hata kimoja kwenye kiini. Ni bungua, mdudu anayetoboa mbao. Mbavu mbili zilitolewa na kuwekwa mpya, na gharama hiyo aliilipa juu ya ile "nafuu" ya mwanzo.

Wengine hawauziwi hata weupe. Wanauziwa paina ya Mafinga iliyopakwa rangi ya mninga. Paina si mbao mbaya, ila iuzwe kwa jina lake na bei yake. Chomoa droo, tazama nyuma ambako mpakaji hakufika.

Kuna pia wanaotaka mkongo kwa mlango wa nje, na tunawaunga mkono, ni mgumu na mzito kuliko mninga. Lakini usiuache unyeshewe kabla ya vanishi. Unatoa rangi ya manjano, na kwenye ukuta mweupe utagombana na mpakaji rangi. Mvule nao una mawe yake ndani, meno ya msumeno yanajua.

Ukishakabidhiwa mlango, angalia ukingo wa juu na wa chini. Mafundi wengi wa kupaka huziruka kingo hizo kwa kuwa hazionekani, na masika maji yanaingia hapo hapo, mlango unavimba na kukwama. Na usifunge fremu wakati plasta bado mbichi.

Bado unataka kuleta mbao zako? Karibu. Njoo na risiti na hati ya kusafirishia ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), maana mbao zisizo na karatasi zikikutwa kwetu tunaotaabika ni sisi. Tutapima mbele yako. Zikiwa mbichi tutazipanga kivulini kwa vijiti katikati, na utalipia nafasi kwa mwezi hadi zishuke. Mbili kwa sita ni suala la miezi, siyo wiki. Ukisema tuunge hivyo hivyo, tutaandika "mbao mbichi, hakuna dhamana" kwenye risiti na utasaini. Baba wa Kimara alisaini. Nakala tunayo, na paneli zake tumekubali kuzibadilisha kwa mbao zetu, kwa bei yetu.