Barua kwa mwanangu: mwandike mtoto

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Sisi hapa Tanga tu wazima. Mama yako anakusalimu, na mwanao, mjukuu wangu, ameanza darasa la kwanza, sasa kila anayepita barazani lazima aoneshwe daftari lake. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana kwenye simu utaniambia "sawa, baba", kisha tutahamia habari za mpira, na jambo hili halifai kuishia hapo.

Kwanza hongera. Kupata mwaliko wa kuomba ukaazi wa kudumu Kanada si jambo dogo. Najua ulivyosomea mtihani wa Kiingereza ukitoka zamu ya usiku wodini, na ulivyofuatilia vyeti vyako chuoni mpaka vikatumwa kukaguliwa. Karatasi ulizonipigia picha nimezisoma zote, ukurasa kwa ukurasa. Sehemu ya familia nimeirudia, kwa sababu kwenye mstari wa watoto umeandika sifuri.

Mwandike mtoto wako.

Unajua kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Ukarani wa mahakama ni kazi ya kupokea karatasi, na nyingi kati ya karatasi zile zilikuwa viapo. Watu walikuwa wanaandikiwa na mpiga chapa wa nje ya lango, anawaambia "weka sahihi hapa, ni utaratibu tu", wanaweka, nami nagonga muhuri. Siku ya shauri kiapo kinasomwa kwa sauti mbele ya hakimu, na anayeulizwa ni aliyeapa. Mpiga chapa siku hiyo yuko lango lile lile anaandikia mwingine. Fomu yako ya Kanada ni kiapo, mwanangu. Jina lililo chini yake ni lako.

Umenieleza kwamba huyo wakala wa Dar ndiye aliyekushauri: mtoto asiyesafiri haandikwi, na ukimwandika alama zako zinashuka. Yote mawili si kweli. Katika Express Entry, mfumo wao wa kuchagua wahamiaji kwa alama, alama zinatokana na umri, elimu, lugha, uzoefu wa kazi, na kama una mke au huna. Mtoto hapandishi alama wala hashushi. Na sheria yao inataka kila mtoto tegemezi atajwe, awe anafuatana nawe au anabaki. Mtegemezi kwao ni mtoto ambaye hajafika miaka 22 na hana mwenzi. Wala haitoshi kumtaja tu. Hata yule anayebaki nyumbani anatakiwa apimwe afya na daktari aliyeteuliwa na serikali ya Kanada, kama utakavyopimwa wewe.

Sasa soma hapa taratibu. Katika kanuni zao za uhamiaji kuna kifungu cha 117(9)(d). Maana yake ni kwamba mtu wa familia ambaye hakutajwa na hakuchunguzwa wakati ulipoomba ukaazi, baadaye huwezi kumdhamini kama mtu wa familia yako. Utakuwa umeshapata kadi, una nyumba, una mshahara, una chumba chake kabisa, unajaza fomu ya kumwita mwanao, na wao watafungua fomu ya mwaka huu na kukuta sifuri uliyoiandika kwa mkono wako. Tangu Septemba 2019 wameweka utaratibu wa muda wa kuwalegezea baadhi ya watu walioangukia hapo. Lakini ni wa muda, na una masharti. Mimi siwezi kukubali maisha ya mjukuu wangu yapangwe kwa kutegemea msamaha ambao siku yoyote unaweza kufungwa.

Tena kuna kifungu cha 40 cha sheria yao yenyewe ya uhamiaji, kinachohusu kudanganya au kuficha jambo la msingi. Ukibainika, unazuiwa kuingia kwa miaka 5, na ndani ya miaka hiyo huruhusiwi kuomba ukaazi wa kudumu. Aliyekwisha kuupata anaweza kunyang'anywa. Mtoto mwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA chenye jina lako, aliyeandikishwa shule kwa jina lako, utamfichaje mwanangu? Na kwa nini umfiche?

Nadhani sababu ninazijua. Moja ni fedha, nyingine ni huyo binti unayetaka kumuoa.

Tuanze na fedha, kwa kuwa hiyo ina dawa. Wanataka uoneshe akiba ya kujikimu, na hesabu inaangalia ukubwa wa familia, pamoja na watoto ambao hawasafiri. Kwa viwango vilivyotangazwa Julai 2025, mtu mmoja ni dola 15,263 za Kanada, na watu wawili ni dola 19,001. Tofauti ni dola 3,738. Basi hiyo ndiyo bei ambayo wakala amekushauri uikwepe kwa kumfuta mtoto. Nitakupa kutoka kwenye kiinua mgongo changu. Nimeshazungumza na mama yako na ameridhia. Si mkopo, na nitakuandikia hati ya zawadi iliyoshuhudiwa na wakili, kwa sababu wenzetu hawakubali fedha ya kukopa, na thamani ya kiwanja chako cha Kibaha haihesabiwi. Benki nayo itatoa barua inayoonesha akaunti ilifunguliwa lini, salio la sasa, wastani wa miezi 6 iliyopita na madeni uliyonayo. Kwa hiyo fedha ikiingia ghafla lazima ieleweke imetoka wapi, na hati yangu itakuwa hapo. Ile habari ya kuazimwa fedha "ikae benki wiki moja tu" iache kabisa. Wastani wa miezi 6 unaionesha mara moja.

Halafu huyo wakala mwenyewe. Kanada, anayelipwa kumsaidia mtu maombi ya uhamiaji lazima awe mwanasheria mwenye leseni huko, au mshauri aliyesajiliwa na chombo chao kinachoitwa College of Immigration and Citizenship Consultants. Majina yao yako kwenye daftari la wazi mtandaoni. Tafuta jina lake. Usipolikuta, fahamu unamlipa mtu ambaye hatatajwa popote kwenye faili lako, na kosa lake litasomeka kuwa lako. Fomu zenyewe ni bure. Ada ya serikali, kwa viwango vya Aprili 2024, ilikuwa dola 950 za kushughulikia maombi na 575 za haki ya ukaazi, na unazilipa wewe mwenyewe moja kwa moja kwa serikali.

Na lile alilokuambia, kwamba ukimlipa atakupatia "kazi yenye LMIA" na hivyo usihangaike na ukaazi, ulikatae. LMIA ni idhini anayoiomba mwajiri wa kule kuthibitisha kwamba anahitaji mfanyakazi wa kutoka nje. Mwajiri ndiye anayeilipia, dola 1,000 kwa nafasi moja, na haruhusiwi kumtoza mfanyakazi. Mawakala walikuwa wanaziuza kwa sababu ofa ya kazi ilikuwa inaongeza alama kwenye Express Entry. Serikali ikaziondoa alama hizo Machi 2025, na kukomesha biashara hiyo ndiyo sababu waliyoitaja. Kibali cha kazi cha namna hiyo kwa kawaida kinakufunga kwa mwajiri mmoja. Akikupunja mshahara, huna ruhusa ya kuvuka barabara ukaanze kwa mwingine mpaka upate kibali kipya. Mwenye ukaazi wa kudumu anachagua kazi na anachagua mji. Wewe umeshaufikia mlango huo kwa elimu yako, sioni sababu ya kurudi nyuma ukanunue kingine.

Lakini usidhani ukaazi ni ruhusa ya kuvaa sare ya uuguzi. Leseni inatolewa na bodi ya kila jimbo, na kuna mtihani wa uuguzi unaoitwa NCLEX. Wauguzi wengi wa kigeni wanaanza kwa kuhudumia wazee huku wakisubiri leseni. Hakuna aibu hapo, ila ujue mapema, na uanze kufuatilia karatasi za leseni sasa hivi ukiwa bado Dar, ambapo chuo chako na Baraza la Wauguzi viko karibu nawe.

Kuhusu mchumba wako nitasema kwa heshima, maana ni binti wa watu. Mwambie una mtoto. Mwambie kabla ya posa, usingoje aje alione jina kwenye karatasi ya ubalozi. Akikubali, umepata mke. Akikataa, heri akatae leo akiwa kwao. Na kama mtafunga ndoa baada ya kutuma maombi, hata ikiwa wiki moja kabla hujapanda ndege, lazima uwaarifu. Kifungu kile kile nilichokutajia kimewafungia watu wake zao kwa sababu walioa haraka haraka wakati visa imeshatoka, wakaingia Kanada wakiwa wameandikwa hawajaoa.

Mwaliko wako una siku 60, na baadhi zimeshapita. Rekebisha sehemu ya familia, kisha weka barua fupi ya maelezo: wasifu wako wa mwanzo wa Express Entry ulisema huna mtoto, unaye, na hiki ndicho cheti chake. Sema ukweli kwa sentensi chache, usijaze hadithi. Ukiona siku zinaisha na barua ya benki haijakaa sawa, ukatae mwaliko rasmi ndani ya mfumo, usiuache ulale. Ukiukataa, unarudi kwenye kundi la waombaji na kusubiri duru nyingine ya mialiko. Ukiuacha muda upite, wasifu wako unaondolewa na utaanza upya. Angalia pia matokeo yako ya Kiingereza, yanaishi miaka 2 tu. Kusubiri duru nyingine ni uchungu, nakubali, lakini uchungu huo unapita.

Je, aondoke nawe au abaki kwanza? Hapo nakuachia wewe na mama yake mwamue. Rai yangu ni abaki na sisi mpaka upate leseni na pa kuishi, lakini abaki akiwa ameandikwa, amepimwa, anajulikana. Ukitulia utamdhamini, naye ana miaka mingi kabla ya kufika hiyo 22. Mkiamua aende nawe, mama yake atatakiwa kutia sahihi tamko la kuridhia mtoto ahamie Kanada. Vyovyote mtakavyoamua, huyu mama amemlea mtoto wako miaka ya mwanzo bila kelele, na mpaka sasa kila mwisho wa mwezi anakuja kutoka Muheza kumwona. Hawezi kuwa mtu wa mwisho kusikia.

Jambo la uraia usilikimbilie. Ukishapata ukaazi, unatakiwa uwe ndani ya Kanada angalau siku 730 katika kila miaka 5 ili usiupoteze, na ukitimiza siku 1,095 ndani ya miaka 5 unaweza kuomba uraia wao. Majirani zetu wa Kenya katiba yao ya 2010 imewaruhusu uraia wa nchi mbili. Sisi bado. Mtu mzima akichukua wa kule, wa Tanzania anaupoteza. Sheria zetu zimerekebishwa ili kuweka hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania walioko nje, nayo ni nafuu, lakini hadhi si uraia. Kwa kadi ya ukaazi unaweza kufanya kazi, kusoma, kutibiwa na kurudi nyumbani kuzika na kuoza. Kwangu mimi hiyo inatosha kwa muda mrefu. Nawe utaamua ukiwa mtu mzima uliyekaa huko.

Cheti cha mtoto nitampa dereva wa basi la Ijumaa asubuhi, kakipokee Stendi ya Magufuli, Mbezi. Toa nakala mbili na uzithibitishe kwa wakili, chenyewe usikiache kwa mtu yeyote, hata huyo wakala akikuomba. Hati ya zawadi nitaikamilisha wiki ijayo nikienda benki.

Jumapili mimi na mama yako tutakwenda Muheza kuzungumza na mama mtoto kuhusu vipimo na pasi ya kusafiria. Mpigie wewe kabla ya hapo. Habari hii aisikie kwako.

Wasalaam,
Baba yako