Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi wa Kaunti ya Mombasa: njia za Nguu Tatu ziandikwe kabla hazijazibwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kaunti anayesimamia ardhi na mipango ya miji,
Mombasa.

MINT: KUPIMWA NA KUSAJILIWA KWA NJIA ZA UDONGO ZA KISAUNI

Mheshimiwa,

Baada ya salamu, nakuandikia nikiwa katibu wa chama kidogo cha waendeshaji pikipiki ambao kila Jumapili alfajiri huiacha lami ya Kisauni na kushika njia za udongo zinazozunguka vilima vya Nguu Tatu na kuteremka kuelekea Mwakirunge. Wengi wetu ni wanabodaboda. Wamo pia mafundi wawili, mwalimu na muuguzi. Hatuna mashindano wala mdhamini, na pikipiki zetu nyingi ni zile zile za kazi zilizobadilishwa tairi tu. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu ninaloliomba haliwahusu waendeshaji pikipiki peke yao, na pia, niseme ukweli, kwa sababu barua za bahasha tulizozipeleka huku na huko hazikupata jibu.

Mwaka jana, masika yalipokwisha, tulifika mahali ambapo njia hukata katikati ya minazi na mikorosho, tukakuta ukuta wa mawe, geti la chuma na mlinzi. Mlinzi alikuwa mstaarabu. Alitueleza kwamba mwenye shamba ana hatimiliki na kwamba kwenye ramani hapana njia yoyote hapo. Tulikwenda kuulizia, na kweli, ramani tuliyoonyeshwa haikuwa na hata mstari mmoja. Sioni sababu ya kumlaumu mwenye ukuta, kwani alinunua kile kilichoandikwa. Lakini kwa ushahidi wa wazee wa pale, njia ile ilikuwapo kabla wao hawajazaliwa. Ilipitwa na wagema, wachunga mbuzi, watoto waendao shule na akina mama waendao kisimani. Sisi tuligeuza pikipiki na baada ya dakika chache tulikuwa tumepata pa kupitia. Mama mwenye ndoo ya maji kichwani huuzunguka ukuta mzima kwa miguu, kila siku.

Hapa ndipo penye kiini cha barua hii. Kifungu cha 62 cha Katiba kinahesabu kuwa ardhi ya umma barabara na njia zote zilizowekwa kwa Sheria ya Bunge. Njia iliyochongwa na nyayo za watu kwa miaka mingi, bila sheria wala ramani kuitaja, haina pa kujishikiza. Siku shamba linapokatwa viwanja na mawe ya mipaka yanapozikwa, njia hiyo hufa bila tangazo, na hakuna anayeweza kuonyesha kwamba iliwahi kuwapo.

Sisi wa mwambao hatuhitaji kufundishwa nini huipata haki isiyoandikwa. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka waliokuwa na madai katika ukanda wa pwani wa maili kumi wajitokeze na kuyathibitisha. Ambaye hakusikia, au hakufika, au ardhi yake ilikuwa ya jamaa isiyo na karatasi, ardhi hiyo ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni, na wako wajukuu ambao mpaka leo huitwa maskwota mahali walipozikwa babu zao. Ajabu ni kwamba katika nchi ya waliotuletea sheria hiyo, waendeshaji wenzetu nao yamewafika. Uingereza ina ramani rasmi zinazoonyesha ni njia ipi ya mashambani iliyo wazi kwa nani, na waendeshaji pikipiki wa huko wana chama cha kuzitetea tangu mwaka 1970. Hata hivyo sheria ya mwaka 2006 ilifuta, isipokuwa katika hali chache maalumu, haki za vyombo vya moto katika njia ambazo zilikuwa hazijaandikwa kuwa wazi kwa vyombo hivyo. Walikuwa na wanasheria na kumbukumbu za karne kadhaa. Sisi tuna kumbukumbu za wazee, na wazee wanakwisha.

Najua utaulizwa, Mheshimiwa, kwa nini kaunti ijisumbue kwa ajili ya watu wa pikipiki zenye makelele. Sikatai kwamba wako wenzetu wanaotoboa silensa makusudi ili wasikike mtaa wa tatu, na mimi mwenyewe nimewahi kuamshwa nao. Katika chama chetu, mwenye silensa iliyotobolewa hapandi nasi hata awe amelipa ada ya mwaka mzima. Tukimkuta mtu anatembea, tunapunguza mwendo na kumwamkia; penye msiba tunazima injini na kusukuma. Misitu ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2008 lakini ambayo wenyewe waliitukuza muda mrefu kabla ya hapo, hatuingii hata ikiwa njia inaelekea humo.

Udongo nao tumejifunza kuuheshimu, tena kwa hasara. Karibu na bahari kuna mwamba wa matumbawe usiojali tairi, ila ukienda bara zaidi unakuta mchanga mwekundu, kisha udongo wa mfinyanzi ambao wakati wa jua hupasuka na wakati wa mvua huwa kama sabuni. Pikipiki ikipita juu ya mfinyanzi uliolowa huacha mfereji. Mvua inayofuata huufanya mfereji huo kuwa mto, na baada ya masika mawili kilichokuwa njia kimekuwa korongo ambalo hata mbuzi hulikwepa. Mwaka wetu wa kwanza tuliharibu mteremko mmoja namna hiyo, na aibu yake ndiyo iliyotufundisha. Siku hizi, mvua kubwa ikinyesha, hatupandi mpaka udongo ukauke, na miteremkoni tunajenga matuta madogo yanayokata njia kwa mshazari ili maji yatoke pembeni kabla hayajapata nguvu. Kazi hiyo hufanywa kwa majembe, sururu na Jumapili chache, na mteremko tulioharibu sasa hupitika hata kwa baiskeli.

Kuhusu fedha nitasema machache. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli hapa nchini hukatwa shilingi 25 za matengenezo ya barabara, nasi tunazilipa hata kwa petroli tunayoichoma vichakani. Marekani walilitazama jambo hili na tangu mwaka 1991 wana mpango wa njia za burudani ambao msingi wake ni kodi ya mafuta yanayotumiwa nje ya barabara: asilimia 30 ya fedha hizo huenda kwa njia za vyombo vya moto, asilimia 30 kwa wasiotumia injini, na asilimia 40 kwa njia zenye matumizi mchanganyiko. Mimi siombi hata shilingi moja kati ya zile 25. Majembe tunayo.

Tunachoomba ni wapimaji. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani, barabara za kaunti, na pia michezo na viwanja vya burudani, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inatambua haki ya umma ya kupita katika ardhi na kuipa Tume ya Taifa ya Ardhi mamlaka ya kuianzisha. Ofisi yako inaweza kuanza na Nguu Tatu hadi Mwakirunge, kuorodhesha njia zinazotumika, kuwasikiliza wanavijiji wa kila upande pamoja na wenye mashamba, kisha kupeleka kwenye Tume zile zinazostahili kusajiliwa. Pale ambapo njia haiwezi kubaki ilipo, ihamishiwe pembeni mwa shamba kabla ukuta haujajengwa, na iwe wazi kwa waenda kwa miguu kwanza, sisi baadaye. Ikiamuliwa kwamba baadhi ya njia zisipitwe na injini kabisa, tutatii, mradi ziandikwe. Kaunti hii ndiyo ndogo kuliko zote 47, na sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu humu watu 1,208,333. Kila mwaka unaopita bila kupima, kuna njia inayogeuka ua wa mtu.

Iwapo, pamoja na hayo, patapatikana shimo moja la machimbo lililoachwa ambalo vijana wanaweza kufundishwa kuendesha mbali na nyumba za watu, tutashukuru. Bustani ya Haller pale Bamburi ilikuwa shimo kama hilo kabla mivinje haijaanza kupandwa mwaka 1971, kwa hiyo halitakuwa jambo geni kwa Mombasa.

Njia tunazozijua tumezichora kwa jipiesi za simu, pamoja na majina ambayo wenyeji huziita, na nakala tutaileta ofisini kwako bila malipo. Wapimaji wakija tutawaongoza siku yoyote watakayochagua, isipokuwa wiki ya mvua.

Wako mwaminifu,

Katibu, kwa niaba ya wanachama,
Kisauni, Mombasa.