Barua ya wazi kwa Inspekta Mkuu wa shule za msingi, Lubumbashi: maelekezo yapimwe kwa mikono

Bwana Inspekta Mkuu,

Tunakuandikia sisi walimu wa mwaka wa tatu na wa nne kuhusu somo moja tu: kusoma na kuandika maelekezo, yaani maandishi yanayomwambia mtu afanye nini, kwa vifaa gani, kwa mpangilio upi. Somo hili huishia ubaoni. Watoto wananakili hatua sita, kaye (daftari) inatiwa alama, basi. Tunaomba ukaguzi uulize swali jingine: je, mtu mwingine ameweza kuifanya kazi hiyo kwa kufuata maneno ya mtoto peke yake?

Tuangalie maji ya chumvi na sukari, ambayo kila nyumba ya Katuba au Ruashi, sehemu za mji wetu, inapaswa kuyajua kipindupindu kinapoingia. Maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko kidogo, vijiko visawazishwe juu. Mtoto akiandika "tia chumvi kiasi", ameandika hatari, maana chumvi ikizidi humdhuru mgonjwa aliyekwisha kupungukiwa maji. Akiandika "kijiko" bila kusema kidogo, mama atashika kile kikubwa, kinachobeba kiasi cha vidogo 3.

Kwenye kusoma, maelekezo hayo tunayaandika kwenye vipande 6 vya karatasi, tunavichanganya, na kila kundi la watoto 6 linavipanga upya. Faida yote iko kwenye ubishi wao. Sukari na chumvi, ipi itangulie? Haidhuru. Kuchemsha maji na kuyapoza kabla ya kutia sukari na chumvi, je? Hapo hakuna kubadilishana: mchanganyiko haurudishwi kwenye mbabula (jiko la makaa), kwa sababu maji yatapungua kwa mvuke na chumvi itabaki ileile. Mtoto anayeweza kusema hatua zipi hubadilishana na zipi hazibadilishani, na kwa nini, huyo amesoma.

Kuandika kunataka kitu chepesi, kisicho na gharama. Kofia ya karatasi inatosha: ukurasa mmoja wa kaye ya zamani, bila mkasi wala gundi. Mtoto anaandika, mwenzake anafuata, mwandishi hana ruhusa ya kusema wala kuonyesha kwa kidole. Makosa yanajitokeza yenyewe. "Kunja pembe": zipi? Zikikunjwa za upande ulio wazi badala ya zile za upande wa mkunjo, kofia inafumuka. "Kunja karatasi katikati": kwa urefu au kwa upana? Mwandishi anaona kwa macho yake mahali sentensi yake ilipomwangusha mwenzake, na anaisahihisha hata kabla ya kalamu nyekundu ya mwalimu.

Kuna kosa la lugha linalostahili somo zima. Kiswahili cha mjini kwetu hutumia "i" kwa karibu kila kitu, na katika mazungumzo hakuna anayepotea. Kwenye karatasi anapotea. "Shika pembe mbili za juu, uikunje" humfanya msomaji akunje karatasi nzima. Alitakiwa kusoma "uzikunje". Herufi moja, kofia imeharibika. Hakuna zoezi la sarufi linalomwonyesha mtoto kazi ya upatanisho waziwazi namna hiyo. Wengine huandika "kukunja, kugeuza" kama walivyoona kwenye vitabu vya Kifaransa, au husimulia: "tunakunja, tunageuza". Tunawazoesha kuanza kila hatua kwa amri, kitendo kimoja kwa hatua moja: kunja, geuza, bonyeza.

Tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2019 madarasa yamejaa, tunajua. Njia hii inavumilia darasa la watoto 60, kwa sababu wanaopima kazi ni watoto wenyewe. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 nayo inazikubali lugha za taifa kama lugha za kufundishia. Basi maelekezo yaanze kwa Kiswahili, Kifaransa kifuate mtoto akishajua umbo lake.

Tunaomba siku 4 mfululizo, dakika 30 kila siku, badala ya kipindi kimoja. Tunaomba pia vipande vilivyopangwa na kofia zilizo juu ya dawati zihesabiwe kuwa kazi iliyofanyika, hata kama kaye ina kurasa chache. Na siku ya ukaguzi, chukua maelekezo ya mtoto mmoja, uyafuate mwenyewe mbele ya darasa, na mwandishi akae kimya.

Walimu wa mwaka wa tatu na wa nne, Lubumbashi