Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2021 wa chama chetu cha askari wastaafu, Tabora

Ndugu wajumbe, wajane wa wenzetu, na vijana mliowasindikiza wazee wenu,

Nawashukuru kwa kufika, hasa mliotoka Urambo na Sikonge na mvua hizi. Waliotutoka mwaka huu katibu ameshawasoma. Hesabu mnazo kwenye karatasi na mweka hazina atazieleza mwenyewe. Ada imepungua, sababu mnaijua. Mizinga ya nyuki imetupa asali, ya kwanza imeuzwa, ya pili iko stoo kwa katibu. Kwa hayo sina la zaidi. Muda wangu nautumia kwa jambo moja ambalo kamati imenituma nilieleze bila kuzunguka: hali ya vichwa vyetu tangu korona iingie.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Kwetu sisi kilichoanza kuuma hakikuwa kikohozi. Tuliacha kukaa pamoja. Mkutano wa kila mwezi ulisimama, baraza la kahawa likavunjika, misiba ikawa ya watu wachache waliosimama mbalimbali. Asiyepita jeshini ataona hayo ni madogo. Lakini wengi wetu ya vita ya Kagera, tulipopigana na Idi Amin wa Uganda, hatujawahi kumwambia daktari, wala shehe, wala padri. Tuliyasema kwenye kahawa, nusu utani, kwa mtu aliyekuwepo. Kahawa ilipokoma, kila mmoja alirudi nayo nyumbani kwake.

Mwenzetu mmoja wa Isevya ameniruhusu niseme lake, ila jina nisilitaje. Mwanzoni mwa mwaka, kila nyumba ilipokuwa inajifukiza, mkewe alimwekea nyungu, akamfunika blanketi. Haikupita dakika akalitupa, akaipiga teke sufuria, akaungua mguu, akatoka nje akabana ukutani huku akihema. Majirani wengine walisema ni pombe, wengine majini. Tulipokaa naye ndipo aliposema: giza lile, joto lile, na pumzi yake mwenyewe inayomrudia usoni, vilimrudisha kwenye handaki, njia ya Masaka huko Uganda, 1979. Tangu siku hiyo akawa analala kwenye kiti, uso umeelekea mlangoni.

Miaka zaidi ya arobaini alikuwa mzima, amelea watoto, amelima. Watu wakauliza, mbona sasa? Wataalamu wanasema si ajabu. Kiwewe huweza kutulia mtu akiwa na kazi, amri na ratiba, kikaibuka akistaafu, akiugua au akifiwa. Zijueni dalili zake: ndoto ileile inayorudi, kushtuka kwa kishindo kidogo, kukwepa watu au mahali fulani, hasira isiyo na chanzo. Zikipita mwezi na zinakuvuruga maisha, huo ni ugonjwa na unatibika. Sonona nayo ni kitu kingine, ingawa mara nyingi huja pamoja na kiwewe: mtu hana hamu ya chakula, shamba halimvuti, hata wajukuu wanamchosha. Na wanzuki, pombe yetu ya asali, haitibu hata kimoja. Inampa mtu saa chache za usingizi, kisha inamwamsha saa tisa usiku akiwa na mawazo yaleyale na kichwa kinagonga.

Tusidhani ni ya wazee tu. Aprili 2020 Umoja wa Mataifa ulisimamisha kubadilishana vikosi vya walinda amani hadi mwisho wa Juni, kuzuia virusi visisafiri na askari. Kwa aliye Beni, mashariki mwa Kongo, hesabu ya kurudi nyumbani ilivurugika akiwa porini, huku akisikia kwa simu kwamba mama yake anakohoa. Kongo si mahali pa kukaa na wasiwasi wa nyumbani. Tulipoteza vijana wetu pale Semuliki, Desemba 7, 2017, na waliobeba miili ya wenzao bado wapo kazini. Wazazi wenye watoto jeshini, msisubiri akirudi muanze na habari za kiwanja. Mwacheni akae kwanza.

Nje huko nako kuna la kujifunza. Mlimwona kwenye taarifa ya habari Kapteni Tom Moore wa Uingereza, mpiganaji wa vita ya pili aliyetumikia hadi Burma walikokwenda na wazee wetu wa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza huku Afrika Mashariki. Akiwa na miaka 99 alizunguka bustani yake mara 100 na kuchangisha zaidi ya pauni milioni 30 kwa ajili ya huduma ya afya. Nampenda mzee yule, ila picha zake zilinitia shaka kidogo: isije ikaonekana askari mstaafu mwema ni yule tu anayetembea huku anachekelea. Marekani, watafiti waliowapima wastaafu walewale kabla ya korona na baada ya kuingia kwake walikuta wengi wamestahimili. Waliotetereka zaidi ni wapweke na waliokuwa tayari na shida ya akili. Hilo lipelekeni kwa wanaosema mtaani kwamba kila aliyetoka vitani ni kichaa.

Sasa kazi iliyofanyika. Tangu Julai tumejigawa sekisheni, yaani vikundi vidogo, kwa mitaa, kila moja na kiongozi anayempigia simu kila mtu Jumapili jioni. Tuliwazuia viongozi kuuliza "hujambo", maana askari atajibu sijambo hata akiwa na risasi mguuni. Wanauliza: jana ulilala saa ngapi? Leo umekula na nani? Majibu ya maswali hayo mawili yametuonyesha wagonjwa kuliko kikao chochote tulichowahi kufanya.

Kina mama nao wana kikao chao. Wazee kadhaa walikuja kwangu wamekasirika, kwamba siri za ndoa zinaanikwa. Nilisikiliza na msimamo wangu ni uleule. Mke ndiye wa kwanza kujua kwamba mtu halali, na ndiye wa kwanza kupigwa ngumi na aliye ndotoni. Kumnyamazisha ni kumfukuza mlinzi wa zamu.

Kuhusu hospitali, wanachama wetu wanaogopa jina la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, kuliko ugonjwa wenyewe. Kumwona mtaalamu wa afya ya akili hapa Tabora hakumaanishi kupakiwa gari la Dodoma. Utaongea, pengine utapewa dawa, utarudi kwako. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na wengi wenu mmeziacha siku ya kumi mkidai hazifanyi kazi. Mmoja wetu aliulizwa na mhudumu, "Mwanajeshi mzima unaogopa nini?", akageuza hapohapo. Ndiyo maana sasa mtu haendi peke yake, kiongozi wa sekisheni anakaa naye kwenye benchi mpaka aitwe.

Lipo na zito zaidi. Kujaribu kujiua bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo familia huficha, na mgonjwa anakosa tiba kwa hofu ya polisi. Sheria kuibadilisha si kazi ya chama hiki. Kilicho ndani ya uwezo wetu ni sumu tunayopulizia tumbaku. Nyumba nyingi za huku dumu la sumu ya wadudu liko chini ya kitanda. Ukiona mwenzako ameanza kugawa vitu vyake au kuaga bila safari, dumu hilo lihamie kwa jirani siku hiyohiyo, na gobori kama lipo, kisha usimwache peke yake mpaka afike hospitali. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo.

Kuhusu chanjo, Amiri Jeshi Mkuu, Rais Samia Suluhu Hassan, alichanjwa hadharani Julai 28, 2021, na wengi wenu mmeshachanja. Wenye maswali mumwone katibu baada ya kikao.

Mwenzetu wa Isevya sasa analala kitandani, siku nyingi ingawa si zote, na anaendelea na kliniki. Ameomba simu ya Jumapili isikatwe.

Kamati inaomba kura mbili. Ya kwanza, fedha za kujenga ukumbi zisogezwe mwaka mmoja, zitumike kwa vocha za viongozi wa sekisheni na nauli za wagonjwa. Najua wapo wanaoutaka ukumbi kwanza, waseme hapahapa. Ya pili, wajane wawe na nafasi mbili kwenye kamati, zenye kura. Tutapiga kwa kunyoosha mikono mara mweka hazina akimaliza. Mweka hazina, karibu.