Barua kutoka Livorno: siku moja katika mashamba ya Toscana

Somo yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa salamu nyingi, nikitumai kwamba wewe, mama na watoto hamjambo nyote. Ama baada ya salamu, katika barua yako ya mwisho ulinieleza nia yako ya kuwapokea wageni wa meli za kitalii kwenye shamba la marehemu babu yako huko Kilifi, ukanitaka nikifika Italia nitazame kwa makini jinsi wenzetu wanavyofanya jambo hilo. Nimetazama, na ninakuandikia sasa hivi kabla ya niliyoyaona hayajachanganyika na ya bandari nyingine.

Meli yetu ilifunga gati Livorno, bandari ya mkoa wa Toscana, saa moja asubuhi na ilitakiwa kuondoka saa moja usiku. Abiria wengi wanaoshuka hapo hukimbilia Florence, mji ulio umbali wa kilomita zipatazo 90, au Pisa ambao uko karibu zaidi, na wengine hujaribu yote mawili kwa siku moja. Sisi tuliosafiri pamoja tulikodi gari lenye dereva mwenyeji, tukaamua kwamba tutaona mji mmoja wa mlimani, Volterra, na shamba moja, basi. Dereva alituuliza mara mbili kama kweli hatutaki kuongeza San Gimignano, mji wa minara uliomo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1990, nasi tukakataa kwa adabu. Sijutii uamuzi huo hata kidogo, kwa maana mgeni mwenye saa kumi na mbili nchi kavu akizigawa kwa miji mitatu hatimaye huwa ameona viti vya gari tu.

Barabara ilifuata pwani kuelekea kusini hadi Cecina, kisha ikaingia bara kwa bonde la mto wenye jina hilohilo. Vilima vya huko ni vya udongo wa mfinyanzi, na kwa kuwa tulipita mwezi wa Oktoba vilikuwa vimekwisha kulimwa, vikawa na rangi ya kijivu isiyo na jani, ila pale juu ya kila kilima panaposimama nyumba moja ya mawe na safu ya miberoshi. Chini ya mlima wa Volterra tulipita kijiji kiitwacho Saline, ambako chumvi huchimbwa ardhini tangu zama za kale. Likumbuke jambo hilo la chumvi, kwa sababu nitalirudia nitakapofika mezani.

Volterra wenyewe uko juu ya mlima wa zaidi ya mita 500, na ulikuwa mji mkubwa wa Waetruski, watu wa kale wa sehemu hizo, kabla Roma haijawa na nguvu. Lango lao moja, Porta all'Arco, lipo hadi leo, na juu yake vimo vichwa vitatu vya jiwe jeusi vilivyolika kwa upepo na mvua hata sura zao hazitambulikani tena. Mwezi Juni mwaka 1944 jeshi la Wajerumani lililokuwa likirudi nyuma lilitaka kulilipua lango hilo ili kuzuia njia. Wenyeji waliomba waachiwe walizibe wao wenyewe, wakapewa muda usiozidi siku moja, nao wakang'oa kwa mikono mawe yaliyotandikwa barabarani, wakayapanga ndani ya lango mpaka likajaa pomoni. Lango likasalimika. Nilisimama chini yake kwa muda mrefu nikiyatazama mawe ya barabara ile, ambayo baadaye yalirudishwa mahali pake, na ninakiri kwamba machozi yalinilengalenga.

Kisha tuliingia katika karakana ya mchongaji wa alabasta, na hapo ndipo nilipokukumbuka sana. Alabasta ni jiwe laini linalokwaruzika kwa kisu, jeupe lenye mishipa ya kijivu, na likichongwa hadi kuwa jembamba hupitisha mwanga. Waetruski walilichonga masanduku ya kuwekea majivu ya wafu wao, na mamia ya masanduku hayo yamo katika jumba la makumbusho la Guarnacci lililoanzishwa mwaka 1761. Mzee tuliyemkuta hakuacha kazi kwa sababu wageni wameingia. Alikuwa amefunga kipande kwenye mashine ya kuzungushia, akiegemeza patasi kwa kiwiko, na vumbi lake jeupe lilikuwa limemjaa kwenye nyusi, kope na mikunjo ya shingo. Alipomaliza bakuli alilokuwa akilichonga, alilishika mbele ya taa bila kusema neno, akatuacha tuone kivuli cha vidole vyake upande wa pili. Hakuna aliyetuhimiza kununua. Nilinunua.

Kutoka ukingo wa mji tulionyeshwa upande wa kusini mvuke mweupe ukipanda kutoka Larderello. Huko ndiko mwaka 1904 mwanamfalme Piero Ginori Conti alipowasha taa kadhaa za umeme kwa nguvu ya mvuke wa ardhini, jambo lililokuwa la kwanza duniani. Sisi tuliozoea kusikia habari za umeme wa mvuke wa Olkaria kwetu Kenya hatuna budi kuheshimu mahali hapo.

Sasa nije kwenye shamba, ambalo ndilo hasa uliloniuliza. Lilikuwa nje ya mji, upande wa mashariki, na tulilifikia wakati wa mavuno ya zeituni. Nyavu zilikuwa zimetandazwa chini ya miti, na vijana walikuwa wakiyakwangua matawi kwa reki ndogo za mkono, wengine kwa fimbo ndefu zenye mota zinazoyatikisa. Zeituni hutiwa katika kreti zenye matundu, si katika magunia, kwa sababu gunia huziponda na kuzitia joto, nazo zikianza kuchacha mafuta huharibika. Ndiyo maana huharakishwa kinuni siku ileile au inayofuata. Kinu nilichokiona ni cha chuma kitupu, kelele tupu, na mwenye nyumba alitufafanulia kwamba mafuta yakiandikwa kwamba yamekamuliwa bila moto, sheria ya Ulaya inadai joto lisizidi nyuzi 27. Kilo 100 za zeituni hutoa takriban kilo 15 za mafuta, wakati mwingine chini ya hapo. Yanapotoka ni ya kijani kibichi kama mchicha, na ukiyaonja hukuwasha kooni hata ukakohoa. Wao hufurahi wanapomsikia mgeni akikohoa, kwa kuwa ndiyo dalili kwamba mafuta ni mapya.

Mezani tulipewa mkate uliochomwa juu ya makaa, ukasuguliwa kitunguu saumu, ukamiminiwa mafuta yale. Mkate wa Toscana hautiwi chumvi, ingawa mgodi wa chumvi uko chini ya mlima huohuo. Mwanzoni ulinikwaza, lakini ulipokutana na jibini ya kondoo yenye chumvi nyingi na mchuzi wa maharage na sukumawiki nyeusi, nikaelewa kwamba mkate huo haukuokwa uliwe peke yake. Tulipomweleza mama mwenye nyumba kwamba hatuli nguruwe, aliiondoa sahani ya nyama mezani papo hapo, akaleta mayai yaliyokaangwa kwa mafuta yaleyale, wala hakutufanya tujione kuwa mzigo.

Yeye ndiye aliyetusimulia historia ya nyumba zile za vilimani, na kwa wewe uliyekulia pwani yetu, ambako swali la mwenye ardhi na mwenye jembe halijaisha, nadhani hii ndiyo sehemu itakayokugusa zaidi. Kwa karne nyingi wakulima wa Toscana waliishi kwa mfumo wa mezzadria, yaani familia inapewa nyumba na shamba na kabaila, kisha nusu ya kila kinachovunwa inakuwa yake huyo kabaila. Baada ya vita vya pili vya dunia vijana walichoka, wakahamia viwandani na mijini, na mwaka 1964 sheria ikapiga marufuku mikataba mipya ya namna hiyo. Nyumba nyingi zikabaki tupu, paa zikaporomoka. Mwaka 1985 ikatungwa sheria nyingine iliyowaruhusu wakulima kuwalaza na kuwalisha wageni mashambani, kwa sharti ambalo ninakuomba ulisome mara mbili: kilimo lazima kibaki kuwa kazi kuu, na wageni wawe nyongeza yake.

Somo yangu, nilichokiona siku ile yote kinatokana na sharti hilo. Zeituni zisingeningoja, nami nilikuwa mtu wa kupisha njia ili kreti zipite. Kwa hiyo, ukianza mpango wako, nakusihi usijenge jukwaa la ngoma katikati ya minazi, na usimwite mtu avae asichokivaa kila siku. Mkwezi apande mnazi siku ambayo angepanda, nazi zifuliwe, bibi zako wasuke makuti yanayohitajika kwa paa la kweli, na mgeni apewe mbuzi ya kukunia nazi akae chini akune mwenyewe. Chakula kiwe kile mnachokula nyumbani, na kitu utakachomuuzia kiwe ni kitu alichokiona kikitengenezwa.

La mwisho ni la saa. Meli huwasubiri wageni waliotoka kwa safari zilizopangwa na meli yenyewe, lakini aliyejikodia gari akichelewa huachwa gatini. Dereva wetu alilijua hilo, akaipanga siku nzima kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kuondoka, na tulikuwa Livorno tukila mikate ya unga wa dengu kabla hata jua halijatua. Kutoka Kilifi hadi Kilindini unayajua magari ya Mtwapa yanavyosimama jioni. Wageni wako na waondoke shambani mapema kuliko utakavyopenda, na uwaambie saa hiyo tangu asubuhi.

Niandikie unijulishe kama mjomba amekubali ile sehemu ya mikorosho iingizwe katika mpango, na kama mnao mkwezi mmoja au wawili. Picha za kinu na za kreti nitakutumia nikipata mtandao mzuri. Nisalimie mama, umwambie chupa yake ya mafuta nimeifunga vizuri katikati ya nguo.

Wako akupendaye,
Somo yako