Mwanangu, wastani haukujui

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: "Mama, miaka yote unatafiti mitandao ya kijamii, hujajua tu kama inatuharibu au la?" Nakujibu kwa maandishi kwa sababu tukiwa ana kwa ana hunipi nafasi ya kumaliza.

Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford walichambua takwimu za vijana zaidi ya 355,000. Tofauti za ustawi baina ya vijana hao zilielezwa na matumizi ya teknolojia kwa asilimia 0.4 tu, tena kwa juu kabisa. Hata kula viazi mara kwa mara kulikuwa na uhusiano unaokaribia huo. Najua utalidaka hilo la viazi uende nalo kwa baba yako. Subiri kwanza.

Takwimu kama hizo huonyesha mambo mawili yanayoandamana, hazisemi lipi limelivuta lenzake. Kijana mwenye huzuni hukimbilia simu, na simu nayo yaweza kumtia mtu huzuni. Kwenye dodoso hao wawili wanafanana kabisa.

Ndiyo maana utafiti mwingine ulinikaa zaidi kichwani. Facebook ilianzia Harvard mwaka 2004, kisha ikafunguliwa kwa vyuo vingine vya Marekani kwa zamu. Wachumi watatu wakalinganisha vyuo vilivyoipata mapema na vilivyochelewa, na matokeo yakachapishwa 2022: ilipoingia, afya ya akili ya wanafunzi ilidorora, na dalili zilielekea kwenye kujilinganisha na wenzao. Na hiyo ilikuwa Facebook ya zamani, haina hata hizi video zinazofuatana zenyewe bila kikomo. Ila wale walikuwa watu wa chuo; wewe una miaka kumi na minne.

Halafu kuna huu wastani. Mmoja mtandao umempa marafiki ambao hakuwapata darasani, mwingine umemkosesha raha ya kujitazama kwenye kioo. Wachanganye, utaambiwa athari ni ndogo. Si uongo, lakini hakuna hata mmoja wao aliyesemwa hapo.

Wewe nakuona. Ile picha ya gauni la kijani uliiweka tukiwa mezani, ukawa unafungua na kufunga simu kuangalia laiki, na kabla sahani hazijaondolewa ulishaifuta. Ilikuwa picha nzuri. Dodoso langu halina kisanduku cha kuandika jambo kama hilo, na siku ukitaka kunieleza, nitasikiliza bila kalamu mkononi.

Akaunti sikufungii. Simu kulala sebuleni, hapo hakuna mjadala, maana kuhusu usingizi watafiti hatugombani sana. Na yangu italala hapo hapo. Chaja ni moja, atakayewahi ndiye atakayechaji.

Mama yako