Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Iringa: Vikapu vyetu vinasafiri bila jina

Kamwene, Ndugu Mkurugenzi.

Nauza bidhaa za mikono hapa mjini. Nina ombi ambalo halihitaji mfadhili wala mradi mkubwa.

Tukizungumzia utalii wa Iringa tunaanza na Hifadhi ya Ruaha, tunahamia Isimila kwenye zana za mawe, tunamalizia Kalenga kwenye fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Ni vya kujivunia, lakini vyote viko nje ya mipaka ya manispaa. Mgeni anapita mjini kujaza mafuta na kutoa fedha benki, analala, alfajiri kashaondoka. Cha kumfanya alale usiku wa pili ni nini? Mimi naona ni soko letu na kazi za watu wetu.

Chukua kikapu cha majani ya milulu. Mama anaanzia kitako, akizungusha majani yaliyokauka huku anayalowesha maji kidogo yasikatike. Akianza kupandisha ukuta, anabana kila mzunguko kwa kidole gumba. Ukimsemesha anakujibu bila kuinua macho, kwa sababu mzunguko mmoja ukilegea kikapu kinapinda na hakuna wa kukinunua. Huku kwetu kikapu hicho ni chombo cha nyumbani, cha kuwekea unga, muda mrefu kabla mgeni yeyote hajakitaka kwa ajili ya picha.

Halafu kinapanda basi. Mlanguzi anavinunua kwa mafungu, vinafika Dar es Salaam, vinashonewa mikono ya ngozi, bei inapanda mara kadhaa. Nimevikuta Zanzibar muuzaji akiwaambia wageni ni kazi ya kisiwani. Mlanguzi simlaumu, ndiye anayelipa taslimu siku michango ya shule inapodaiwa. Kinachoniuma ni kwamba jina la Iringa linabaki stendi.

Mfano mzuri tunao hapahapa. Tangu 2003, karakana ya Neema Crafts imewaajiri watu wenye ulemavu, wanafuma, wanashona, hata karatasi wanatengeneza kwa kinyesi cha tembo. Mgeni akishamwona mfumaji kazini, habishani sana bei. Tunayo pia Boma, jengo la enzi za Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Humo mgeni anasoma habari zetu vizuri tu, ila akitoka nje hana wa kumwelekeza kwa mama anayesuka leo.

Ninachoomba ni hiki. Wasukaji wanaotoka vijijini na mzigo wao wenyewe watengewe sehemu ya kudumu ndani ya soko kuu, wasitozwe ushuru wakiwa na vikapu vichache. Kila kikapu kifungwe kikaratasi chenye jina la kijiji na neno Iringa. Pale Boma pawekwe kibao kinachoonyesha njia ya kwenda sokoni. Na manispaa ikipokea wageni rasmi, zawadi itoke kwa hao akina mama.

Nakusihi lakini, usitujengee banda la utalii pembeni ya mji. Tumeshaona mabanda ya namna hiyo kwingine: mwaka wa kwanza yana rangi, wa pili yana kufuli. Kikapu kikae jirani na maharage na viazi, mwenyeji akinunue cha kwenda nacho nyumbani na mgeni amwone anavyokinunua. Tukianza kuviuza kwa wageni peke yao, watoto wetu wataviona ni vitu vya wazungu, na hakuna atakayetaka kujifunza kusuka.

Najua kuna kikwazo. Wasukaji wengi wanaishi katika halmashauri za Kilolo na Iringa Vijijini, kwa hiyo ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotolewa na manispaa kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu haiwahusu. Hapo itabidi mkae na wakurugenzi wenzako wa halmashauri hizo: wao wakopeshe, wewe utoe soko. Mkikubaliana kabla ya kiangazi, wakati magari ya wageni yanapoongezeka njia ya Ruaha, vikaratasi niko tayari kuvichapisha kwa gharama zangu kwa msimu wa kwanza.

Wako katika ujenzi wa mji,
Mfanyabiashara wa bidhaa za mikono,
Miomboni, Iringa